Sahani ya Kwaresima

Sahani ilikuwa imefudikizwa.

Hicho ndicho kilichomsimamisha Oddny kwenye kizingiti cha banda la kondoo. Paka akila huacha fujo, na mbweha huburuta sahani mpaka kwenye vichaka. Hii ilikuwa imelambwa ikatakata, kisha ikageuzwa na kulazwa kifudifudi, vile afanyavyo mtu aliyelelewa vizuri akishaosha chombo. Alipoiokota akakuta ina joto. Theluji ilikuwa imefika magotini na jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima, lakini sahani ilikuwa na joto kama imetoka kukumbatiwa.

"Paka kajifunza adabu," alijisemea, akacheka kidogo peke yake. Akairudisha jikoni. Kesho yake akapeleka nyingine.

Sasa ni lazima niseme kwa nini mke wa mfugaji, mwanamke mwenye akili zake, alikuwa anapeleka chakula chake bandani kila jioni. Sisi wa bonde hili la magharibi ya Norwe ni Walutheri wa kuzaliwa. Tunabatizwa kanisani, tunaoana kanisani, tunazikwa kanisani, na katikati ya hapo hatupendi kumsumbua Mungu. Oddny alipotangaza kwamba Pasaka hii atapokelewa katika Kanisa Katoliki, watu walimtazama kama mtu aliyesema anahamia mwezini. Mumewe Torleiv alikuna kichwa, akasema, "Unataka kwenda kwa Papa, nenda. Ila kondoo wangu watabaki Walutheri."

Oddny alikuwa na sababu, na sababu yenyewe iliitwa Aslak. Aslak alikuwa kaka yake, mlevi, mtu wa kuja kugonga mlango akiwa hajijui. Alasiri moja ya baridi kali alikuja kama kawaida yake, akagonga, akaita, akalia. Oddny alikuwa amechoka naye. Alitia komeo, akaongeza sauti ya redio. Asubuhi Aslak alikutwa amekaa kando ya barabara, theluji imemfika kifuani. Miaka ilikuwa imepita, na hakuna mtu bondeni aliyewahi kumlaumu Oddny kwa neno moja, na hapo ndipo alipoumia zaidi. Kosa ambalo kila mtu amekubali kulinyamazia, utalitubu kwa nani? Alisikia kwamba Wakatoliki wanaungama kwa mdomo, mtu akasikia, akakujibu kwamba umesamehewa. Alilitaka jibu hilo kuliko kitu chochote duniani.

Basi Kwaresima ilipoanza, Padri Marek wa mjini, ng'ambo ya fiodi, ule mkono mwembamba wa bahari, akampa maagizo mepesi. Ijumaa asile nyama. Siku nyingine apunguze chakula kidogo, na kile alichopunguza ampe asiye nacho.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Asiye nacho angempata wapi? Jirani wa karibu ana magari mawili na boti. Kumpelekea mtu wa bonde hili sahani ya chakula bila kuombwa ni kumwambia usoni kwamba ni maskini, na hilo hatusameheani. Oddny akamkumbuka marehemu mama mkwe wake, ambaye kila Mkesha wa Krismasi alikuwa akiweka bakuli la uji wa siagi kwenye kizingiti cha banda, la Mwenye Banda. Huyo ndiye yule ambaye wazee wetu walisema anaishi na mifugo na haonekani. Wengine mngemwita jini. Kwetu ilikuwa mila ya kuchekesha watoto, mara moja kwa mwaka, basi. Oddny aliona haya kumpa mtu, akampa asiye mtu. Na kwa kuwa alikuwa na deni la Aslak rohoni, hakupunguza kidogo kama alivyoagizwa. Alipeleka chakula chote cha jioni, kila siku.

Baada ya kujinyima chakula akajiongezea jambo jingine. Alijinyima maneno: jioni ikiingia, hasemi tena mpaka kukicha. Torleiv hakupenda.

"Sasa nitagombana na nani?" aliuliza. "Kondoo?"

Jioni ya pili ya ukimya huo, Torleiv alitoka bandani akiwa na ndoo tupu, akasimama katikati ya jiko, akamtazama mkewe anayemenya viazi.

"Umepita wapi?" aliuliza.

Oddny akaonyesha viazi.

"Acha utani. Umetoka bandani sasa hivi. Nimekusikia kwa masikio yangu, unawaita kondoo kwa majina, mmoja mmoja, sauti yako ile ile." Akashusha sauti. "Mbona wamejibana wote ukutani?"

Oddny alitikisa kichwa. Alitaka kusema, lakini alikuwa ameahidi. Akafungua dirisha, na kutoka upande wa banda ikaja harufu ya uji uliochacha, nzito, ya kukaa kooni, na chini ya harufu hiyo mtu akawa anaimba polepole wimbo ambao Oddny alikuwa akiuimba anapofua. Akalifunga dirisha haraka.

Mtu mwingine angeacha hapo. Oddny alidhani ni majaribu, na majaribu, kwa fikra zake, hushindwa kwa kuongeza. Akahama chumba. Akajitandikia blanketi sakafuni kwenye chumba cha cherehani, akamwambia Torleiv kwamba mpaka Pasaka hatalala naye. Torleiv hakutania safari hii. Alisema tu, "Kama ndivyo," akamgeuzia mgongo.

Lakini asubuhi moja, wiki ile kuu yenyewe, alikuja kwenye kahawa akiwa na uso mwepesi, akampiga mkewe kofi la mapenzi begani.

"Asante kwa kurudi," alisema.

"Kurudi wapi?"

"Haya, jifanye. Ila wewe mwanamke, miguu yako! Ulitoka kutembea pekupeku kwenye theluji? Nimekukumbatia mpaka nikatetemeka mimi, wewe hukupata joto." Akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Oddny. Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Sikurudi, Torleiv," alinong'ona. "Nililala sakafuni. Sikutoka."

Walitazamana juu ya vikombe. Torleiv akaweka mkono wake mezani, akauangalia ule mkono uliokumbatia kitu, akauondoa na kuuficha chini ya meza.

"Niambie unapeleka nini bandani," alisema taratibu.

Akamwambia. Torleiv alisikiliza bila kupepesa.

"Mama alikuwa akimpa mara moja kwa mwaka," alisema mwishoni, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikika. "Mara moja, Oddny. Na alikuwa hageuki nyuma akishaweka. Wewe umemlisha Kwaresima nzima?"

Alhamisi Kuu Oddny alivuka fiodi. Padri Marek, Mpolandi mwenye mikono mipana ya mtu wa ujenzi, alikuwa sakristia, kwenye chumba cha mavazi ya ibada, akipiga pasi kitambaa cha altare mwenyewe. Alimsikiliza mpaka mwisho, akachomoa waya wa pasi.

"Mama Oddny, nilikuagiza nini mimi?"

"Ijumaa bila nyama, Padri. Na kupunguza chakula, nimpe asiye nacho."

"Kunyamaza nilikuagiza?"

"Hapana."

"Kulala sakafuni? Kumkimbia mumeo?"

"Hapana, Padri. Nilijiongezea."

"Ili iweje?"

Oddny alikaza macho kwenye kitambaa. "Ili nikija kuungama niwe nimeshalipa. Nisije mikono mitupu."

"Kwa ajili ya kaka yako."

"Kwa ajili ya Aslak."

Padri alivuta pumzi ndefu. Hakuonekana kukasirika; alionekana kuogopa, na jambo hilo lilimtisha Oddny kuliko kama angemfokea.

"Toba ambayo Mungu hakuiomba, unadhani anaipokea nani?" aliuliza. "Huyo wa kwenu anaokota kila unachotupa. Umempa chakula chako. Umempa sauti yako. Umempa mume. Kimebaki nini?"

"Mimi," alisema Oddny.

"Basi sikiliza. Kesho ni Ijumaa Kuu. Kanisa linakuruhusu mlo mmoja wa kushiba, bila nyama. Ule. Mezani, na mumeo, mshukuru, mshibe. Usipeleke kitu nje. Huyo anakula unachojinyima tu. Kinacholiwa kwa shukrani hawezi kukigusa, hana tumbo la kukipokea. Hayo ndiyo malipizi yako, na usiongeze hata punje. Kesho hakuna boti na mimi nina ibada, lakini Jumamosi asubuhi nitakuja na maji ya baraka. Utaungama, kisha jioni tutavuka wote kwenye Mkesha wa Pasaka."

Ijumaa Kuu ilianza kwa jua. Mchana Torleiv akagundua kwamba kondoo mmoja mwenye mimba amebaki juu, kwenye malisho ya kando ya kijito. Akachukua kamba, akamwambia mkewe chakula kikiiva asimsubiri mpaka kipoe, akapanda. Hakufika mbali kabla mawingu hayajashuka na theluji ikaanza kumwagika, ile theluji ya Aprili yenye maji, inayolowesha kuliko mvua.

Oddny alipika samaki wa chewa na viazi, akayeyusha siagi, akaweka sahani mbili. Kila mara mkono wake ulitaka kuchukua ya tatu. Hakuitazama njia ya bandani.

Torleiv aliingia mapema kuliko alivyotegemea. Alifuta viatu vizuri, akanawa mikono, akakaa kwenye kiti chake.

"Kondoo?" aliuliza Oddny.

"Yuko salama."

Oddny akaenda mlangoni akatia komeo. Padri hakusema habari ya komeo. Hilo aliliongeza mwenyewe. Mkono wake ulikumbuka uzito wa chuma kile, ingawa hakuwa amekigusa tangu siku ile ya Aslak.

Akakaa. Akasali kwa sauti, kwa maneno machache aliyofundishwa. Akakata samaki, akala. Alikuwa na njaa ya Kwaresima nzima, na siagi ilikuwa tamu mpaka machozi yakamtoka, akala na kulia, akaona aibu, akaendelea kula.

"Mbona huli?" aliuliza.

"Kula wewe kwanza," alisema Torleiv, kwa upole sana. "Napenda kukutazama."

Hapo nje pakagongwa.

"Oddny!" Ilikuwa sauti ya Torleiv, imepasuka kwa baridi. "Nifungulie! Nimetumbukia kijitoni, nimelowa mwili mzima! Nani kafunga mlango huu?"

Oddny aliganda na uma mkononi. Alimtazama aliyekaa mbele yake. Ndevu zile zile, kovu lile lile la kidoleni, macho yale yale ya kijivu yanayomtazama bila haraka. Ila harufu ya sufu mbichi na mavi ya kondoo, ambayo kwa miaka yote ya ndoa ilikuwa haimtoki Torleiv hata akioga, haikuwepo. Huyu hakuwa na harufu yoyote.

"Ndiye huyo wa bandani," alisema wa mezani. "Nilijua atakuja. Usijali."

"Oddny, kwa jina la Mungu!" Mlango ulitikisika. "Sihisi vidole! Uko na nani humo?"

Oddny alimega kiazi kutoka kwenye sahani yake mwenyewe, akakipaka siagi, akamnyooshea yule wa mezani.

"Kula," alisema. "Kipande tu. Kula, Torleiv, halafu nitakuamini."

Yule alikitazama kiazi kwa muda mrefu, na usoni pake pakapita kitu kama kichefuchefu, kisha akatabasamu.

"Leo ni Ijumaa Kuu, mke wangu," alisema. "Mimi niko kwenye mfungo."

Torleiv, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuruka hata kitafunwa cha saa nne. Torleiv, aliyeuita mfungo ugonjwa wa watu wasio na kondoo. Oddny alisimama taratibu, kiti kikakwaruza sakafu, na wakati huo huo akafikiri kwamba huenda wote wawili ni uongo, wa ndani na wa nje, kwamba mume wake amelala kijitoni uso chini na chochote atakachofanya sasa kimeshachelewa, na kwamba akifungua mlango ule huenda akaingiza kibaya zaidi ya hiki kilichokaa kwa adabu mezani kwake, kwa kuwa kile cha nje kinalia kwa sauti ya mtu anayekufa kwa baridi na yeye anaijua sauti hiyo, ameshawahi kuisikia kupitia mbao zile zile, akaongeza redio.

Kugonga kulikuwa kumepungua. Sasa kilikuwa kiganja tu, kinateleza chini kwenye ubao.

"Ukifungua utakuwa umevunja malipizi yako," alisema wa mezani. Sauti haikuwa ya Torleiv tena. Ilikuwa ya Oddny mwenyewe, ile sauti yake ya jioni aliyoinyamazisha. "Na kwa nini uhangaike? Uliweza mara ya kwanza. Kaa. Itaisha yenyewe. Uliweza mara ya kwanza."

Oddny alipiga ukelele na kuurukia mlango. Hakujua nje kuna nani. Baadaye aliapa kwamba hakujua, na mimi namwamini. Alijua tu kwamba hata akiwa shetani aliyesimama pale kwenye theluji, yeye hatakaa tena upande wa ndani akimsikiliza mtu anaganda. Akavuta komeo kwa mikono miwili.

Torleiv alimwangukia kwa uzito wake wote, maji ya barafu yakimchuruzika, midomo ya buluu, ananuka sufu na mavi na matope. Alikuwa anatukana. Alimtukana Oddny, akamtukana kondoo, akamtukana Papa, meno yakigongana, na Oddny akambana kifuani akilia kwa furaha kwa kila tusi.

Alipogeuka, kiti cha Torleiv kilikuwa kitupu. Samaki wa upande ule hakuguswa. Harufu ya uji uliochacha ilijaa jikoni, ikasogea polepole kuelekea mlango uliokuwa wazi, ikawapita pale sakafuni walipoanguka, ikamgusa Oddny shavuni kwa baridi, ikatoka.

Alimvua mumewe nguo, akamfunga blanketi, akamlisha kwa kijiko. Torleiv alisema samaki hana chumvi. Usiku ule walilala kitanda kimoja, na asubuhi miguu ya wote wawili ilikuwa na joto.

Padri Marek alifika na boti ya kwanza. Alinyunyiza maji ya baraka kila chumba, kisha banda, na kondoo wakaacha kujibana ukutani. Halafu akavaa shingoni stola, ule utepe wa kuungamishia, akakaa jikoni mbele ya Oddny, huku Torleiv akipiga chafya chumba cha pili na kujifanya hasikii.

Oddny alisema yote. Alilisema komeo, na redio, na kwamba alimsikia Aslak akiita jina lake mpaka alipoacha kuita, na kwamba jana alitia komeo lile lile bila kuagizwa. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka mdomoni mwake. Padri alifumba macho muda wote. Kisha akanyoosha ule mkono wake mpana na kumwondolea dhambi, na Oddny akasikia lile jibu alilolitaka kuliko kitu chochote, limesemwa kwa lafudhi ya Kipolandi, jikoni kwake, mchana kweupe.

"Malipizi yako," alisema Padri, "Baba Yetu moja."

"Moja?"

"Moja."

Moja. Kwa mtu aliyekufa. Oddny alihisi hasira, kisha aibu, kisha ile hamu ya zamani ikimpanda kutoka tumboni: aombe zaidi, aombe mwaka mzima wa mkate na maji, aombe sakafu, aombe chochote chenye uzito wa Aslak. Akafungua mdomo. Na kupitia dirishani, nyuma ya bega la Padri, akauona mlango wa banda, ambao walikuwa wameufunga pamoja dakika chache zilizopita, ukisogea na kuacha upenyo mwembamba, na upenyo ukatulia hapo, ukisubiri aseme.

Akaufumba mdomo. Akasali Baba Yetu moja, polepole, mpaka Amina. Ilimuuma kuishia pale kuliko mfungo wowote aliowahi kufunga, na akaishia pale.